Mawe ya Kando ya Bwawa la Kuogelea: Uchaguzi Unaohusu Nyayo, Mifupa na Mapafu

Mabwawa ya kuogelea ya majumbani si mageni tena katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Yamechimbwa Masaki na Mbezi, yamechimbwa Nyali na Diani, na katika vijiji vya kitalii vya Unguja nyumba nyingi za wageni zinayo. Mwenye nyumba anapofika hatua ya mwisho ya ujenzi huo, yaani kutandika mawe kuzunguka bwawa, kwa kawaida huongozwa na mambo mawili: rangi na bei. Huenda dukani akatazama vipande vilivyopangwa ukutani, vikavu, vilivyofutwa vumbi, naye akiwa amevaa viatu. Baadaye jiwe lile lile litakanyagwa na miguu mitupu iliyolowa, chini ya jua la saa saba mchana, na watoto wanaokimbia na wazee wanaotembea kwa kujishikiza. Mazingira hayo ni tofauti kabisa na ya dukani, na ndiyo yanayowafikisha baadhi ya watu katika chumba cha dharura wakiwa na kifundo cha mkono kilichovunjika, jeraha la kisogoni, au malengelenge chini ya nyayo.

Kwa mtaalamu wa afya suala hili lina uzito zaidi ya linavyoonekana. Wagonjwa wa baridi yabisi, wanaopona kiharusi, wenye uzito mkubwa na wenye kisukari mara nyingi hushauriwa kufanya mazoezi ndani ya maji, kwa kuwa maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili na kuyapunguzia magoti mzigo. Ushauri huo ni mzuri. Hata hivyo, mgonjwa hafiki majini kwa kupaa. Hupita kwanza juu ya sakafu, na akitoka hupita tena juu yake, safari hii akiwa amelowa na kuchoka.

Kutumia mawe kando ya maji si jambo la jana katika pwani hii. Katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, jumba la kifalme la karne ya 14, bado lipo bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe. Hamamu ya Kidichi, Unguja, iliyojengwa katikati ya karne ya 19 kwa amri ya Seyyid Said, nayo ni ya mawe na chokaa. Mafundi wa zamani walitumia jiwe lililopatikana karibu, na kwa bahati jiwe hilo lina sifa kadhaa ambazo wanunuzi wa leo huzitafuta kwa gharama kubwa kutoka ng'ambo.

Utelezi

Mguu unapotua juu ya jiwe lililolowa, utando mwembamba wa maji hunaswa kati ya ngozi na jiwe. Ikiwa jiwe limeng'arishwa mpaka likawa kama kioo, maji hayo hayana pa kukimbilia. Unyayo huelea juu yake kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kumwangusha mtu. Ikiwa uso wa jiwe una vichomozo vidogo vidogo, vichomozo hivyo hutoboa utando wa maji na kuigusa ngozi, nayo maji hupenya kwenye mabonde yaliyo kati yake. Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe "hili ni jiwe gani?" bali "uso wake umefanywaje?" Itale ya Dodoma iliyong'arishwa kwa ajili ya meza ya jikoni ni hatari kando ya bwawa, itale hiyo hiyo iliyopitishwa moto mkali mpaka uso wake ukabanduka na kukwaruza, au iliyogongwa kwa nyundo ya meno, inafaa. Marumaru iliyong'arishwa haina nafasi kabisa kando ya bwawa, hata kama imependeza kiasi gani katika picha za matangazo.

Utelezi hupimika. Nchini Uingereza wakaguzi wa usalama kazini hutumia kifaa chenye mkono unaobembea kama pendulamu, wenye kipande cha mpira kinachokwaruza sakafu iliyolowa. Alama 36 na zaidi huhesabiwa kuwa uwezekano wa kuteleza ni mdogo. Kati ya 25 na 35 ni wa wastani. 24 na chini ni mkubwa. Wajerumani wana kipimo chao cha maeneo ya miguu mitupu, DIN 51097, ambacho mtu hutembea bila viatu juu ya ubao ulioinamishwa na kumwagiwa maji ya sabuni, na sakafu hupewa daraja A, B au C kadiri mwinamo unavyoongezeka, kuanzia nyuzi 12, kisha 18, kisha 24. Kandokando ya bwawa panahitaji angalau daraja B, na ngazi zinazoshuka majini daraja C. Vigae vya kiwandani mara nyingi huandikwa alama hizi kwenye boksi. Mawe asilia yanayokatwa katika machimbo yetu huuzwa bila karatasi yoyote, kwa hiyo mnunuzi atalazimika kujipimia mwenyewe.

Namna ya kujipimia si ngumu. Aombe vipande viwili au vitatu vya kutosha kusimama, avilaze chini mahali tambarare, avimwagie maji, kisha adondoshee mafuta kidogo ya nazi au ya kujikinga na jua, kwa kuwa ndiyo yanayobebwa na ngozi za waogeleaji. Akanyage bila viatu huku ameshika kitu imara, asukume unyayo mbele polepole. Jiwe likimponyoka akiwa mtu mzima mwenye tahadhari, litamponyoka zaidi mtoto anayekimbia. Ikiwa muuzaji anapendekeza jiwe lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo, jaribio lifanyike baada ya kupaka, maana baadhi ya dawa hizo huacha ngozi laini inayong'aa na kuifuta kazi yote iliyofanywa na nyundo.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili na kuchagua jiwe la kukwaruza kupita kiasi. Hilo nalo lina madhara yake. Vifuniko vya matumbawe vilivyopasuliwa bila kusawazishwa vina ncha zinazochana ngozi iliyolainishwa na maji, na michubuko ya magoti na vidole vya miguu vya watoto huwa mlango wa vijidudu. Kinachotakiwa ni ukwaruzaji unaohisiwa na unyayo bila kuuumiza, takriban kama msasa uliokwisha kutumika.

Anayeteleza nyuma huangukia kisogo au nyonga. Anayeteleza mbele hutanguliza mkono. Kwa kijana, matokeo huwa mfupa wa kiganjani kuvunjika karibu na kifundo na wiki kadhaa ndani ya plasta. Kwa mwanamke aliyepita umri wa hedhi, ambaye mifupa yake imepungua uzito, anguko lile lile laweza kuvunja shingo ya paja, na hapo maisha ya familia nzima hubadilika. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole kwa saa nyingi kabla ya dalili kujitokeza. Na aliyeanguka akalalamikia shingo, au aliyegonga kichwa wakati wa kupiga mbizi, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Kichwa na shingo vishikiliwe vilivyo mpaka msaada wenye ujuzi ufike. Akiwa bado majini, ashikiliwe uso ukiwa juu ya maji huku shingo ikinyooshwa sambamba na mgongo.

Joto la jiwe

Nyuzi joto 32 za hewa hazimtishi mkazi wa Dar es Salaam wala wa Mombasa. Jiwe halipati joto la hewa pekee; hunywa mwanga wa jua moja kwa moja, na kadiri linavyokuwa jeusi ndivyo linavyounywa zaidi. Basalti nyeusi, slati ya kijivu cheusi na itale ya rangi ya mkaa zinaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi mchana wa jua kali, wakati jiwe la rangi ya maziwa lililo kando yake likiwa chini sana ya hapo. Katika jiji la Phoenix, Marekani, hospitali za majeraha ya moto hupokea kila majira ya joto watu waliounguzwa na lami na sakafu za nje tu, bila moto wowote kuhusika.

Ngozi ina kikomo chake. Utafiti wa Moritz na Henriques, uliochapishwa Marekani mwaka 1947 na ambao bado ni msingi wa elimu ya majeraha ya moto, ulionyesha kwamba ngozi ikifikia nyuzi 44 huhitaji takriban saa 6 kuharibika, lakini ikifikia nyuzi 60 sekunde 5 hivi zinatosha. Kati ya viwango hivyo viwili muda hupungua kwa kasi kubwa. Izingatiwe kwamba hizo ni nyuzi za ngozi yenyewe, si za jiwe. Hapa ndipo tofauti ya mawe inapojitokeza upya: jiwe zito lililoshikamana, kama itale na basalti, husafirisha joto lake haraka kuingia unyayoni, ilhali jiwe lenye matundu mengi, kama matumbawe, travatini na baadhi ya mawe-mchanga, hulitoa polepole. Aidha, jiwe lenye matundu hubakiza maji kidogo ndani yake, na maji hayo yakifukizwa na jua hulipoza. Mawe mawili yanaweza kusomeka sawa kwenye kipimajoto na bado moja likaunguza haraka kuliko jingine.

Wauzaji wa Mombasa na Malindi husifu mawe ya Galana kwa hoja hii hii, kwamba hayachomi. Kwa mawe ya rangi ya manjano hafifu sifa hiyo ina msingi. Kwa vipande vyekundu au vya rangi ya zambarau mnunuzi apime mwenyewe. Kipimo ni chepesi: kipande kilazwe juani tangu saa nne asubuhi, na saa saba mchana mtu abandike juu yake mgongo wa kiganja chake. Akishindwa kuuacha hapo kwa sekunde 10, miguu ya watoto haitaweza.

Jiwe jeupe pe nalo lisichukuliwe kuwa suluhisho la kila kitu. Marumaru nyeupe iliyoakisi jua la adhuhuri humpofusha kwa muda mtu mwenye mtoto wa jicho, na mwangaza huo ukichanganyika na mmeto wa maji, mstari unaotenganisha ukingo na bwawa hupotea machoni pake. Rangi ya krimu, ya mchanga au ya manjano hafifu hutosha. Safu ya mwisho kabisa, ile inayopakana na maji, ingefaa iwe ya rangi iliyokoza kidogo kuliko nyingine ili mwenye uoni hafifu aone sakafu inaishia wapi. Safu hiyo ni nyembamba na hulowa mara kwa mara, kwa hiyo joto lake si tatizo kubwa.

Miguu isiyohisi

Yote yaliyosemwa kuhusu joto yanamhusu mtu ambaye miguu yake hupiga kelele inapoungua. Wako wengi ambao miguu yao imenyamaza. Kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka huharibu neva, na kwa kuwa huanza na zile ndefu zaidi, ganzi hutangulia kwenye vidole vya miguu, hupanda unyayoni, kisha huelekea kwenye vifundo. Ukoma hufanya hivyo kwa njia yake, unywaji wa pombe wa muda mrefu kwa njia yake, na baadhi ya watu waliotumia dawa za zamani za kupunguza makali ya VVU, hususan stavudini, wamebaki na ganzi hadi leo. Mtu wa aina hii anaweza kusimama juu ya jiwe lenye joto kali akizungumza na wajukuu walio majini, dakika tano zikapita, asitambue lolote. Jioni soksi hunata. Asubuhi yake lengelenge limepasuka.

Kidonda hicho si kama kidonda cha mtu mwingine. Mara nyingi mzunguko wa damu miguuni mwake nao umepungua, sukari nyingi katika damu hudhoofisha kinga, na kwa kuwa hakuna maumivu huendelea kukikanyaga. Maambukizi hushuka kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye tishu za ndani na hatimaye kwenye mfupa. Sehemu kubwa ya watu wenye kisukari wanaokatwa mguu huanzia kwenye kidonda kidogo ambacho kingeweza kuzuilika, na jeraha la moto la unyayoni ni mojawapo ya vyanzo vinavyosahauliwa wakati wa kutoa elimu kliniki. Wagonjwa huambiwa wajihadhari na misumari, na viatu vya kubana, na kuota moto. Sakafu ya bwawa haitajwi, pengine kwa dhana kwamba mwenye bwawa anajua kujitunza.

Mwongozo wa kimataifa kuhusu mguu wa kisukari ni wa wazi: mwenye ganzi asitembee peku, iwe ndani ya nyumba au nje. Kando ya bwawa avae viatu vya maji vyenye soli inayoshika, vinavyofunga mguu mzima; kandambili za kuchomeka kidole huteleza, humkwaza mwenye unyayo dhaifu na huacha kisigino wazi. Avivae mpaka kwenye ngazi ya kuingilia, na kama vimetengenezwa kwa kuogelea aingie navyo. Mwenye kidonda kilicho wazi asiingie bwawani mpaka kipone. Kabla ya kutoka ndani, mtu mwingine apime joto la jiwe kwa mkono wake. Mwenye kisukari mwenyewe asitumie unyayo kama kipimo. Baada ya kuogelea akaushe miguu, hasa katikati ya vidole, na kuichunguza chini kwa kioo au kwa macho ya ndugu.

Ikitokea ameungua, unyayo upozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu isitumike. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kupikia na unga vyote visipakwe, kwa kuwa huficha jeraha na kulichafua. Lengelenge lisipasuliwe nyumbani. Kwa mtu asiye na ganzi, jeraha dogo la juu juu linaweza kuangaliwa kwa siku moja mbili. Kwa mwenye kisukari, hospitali ni siku hiyo hiyo, na hali ya chanjo yake ya pepopunda iulizwe.

Jiwe na maji ya bwawa

Maji ya bwawa lililotunzwa huwa na pH kati ya 7.2 na 7.8, na kwa kiwango hicho hayaliumizi jiwe. Shida huletwa na tindikali inayotumiwa kuishusha pH inapopanda. Ikimwagika juu ya mawe ya chokaa, iwe marumaru, travatini au matumbawe, hutoa mapovu na kulila jiwe, na kuacha mashimo yanayohifadhi uchafu. Mnunuzi asiyejua anauziwa jiwe la namna gani anaweza kudondoshea tone la siki au la ndimu kali kwenye sehemu iliyokwaruzwa: likitoa mapovu, lina chokaa. Itale, slati na mawe-mchanga mengi, kama yale yanayochimbwa Mazeras karibu na Mombasa, hayatoi kitu au hutoa kidogo tu. Hii haina maana kwamba mawe ya chokaa yasinunuliwe. Maana yake ni kwamba kemikali zihifadhiwe na kupimwa mbali nayo, jambo ambalo kwa ajili ya macho na mapafu ya watoto lingepaswa kufanyika vyovyote vile.

Chumvi ina tabia nyingine. Katika nyumba zilizo ufukweni, na katika mabwawa yanayotumia chumvi kuzalisha klorini, maji ya chumvi hupenya vinyweleo vya jiwe, yakikauka chumvi hugeuka fuwele na kulisukuma jiwe kutoka ndani mpaka libanduke magamba. Mawe-mchanga laini huathirika zaidi. Magamba hayo huwa makali, na yakiondoka huacha vibonde vya kujikwaa.

Maji yanayotuama yanastahili kutazamwa kwa jicho la afya ya jamii. Sakafu iwe na mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ikielekea mbali na bwawa kwenye mfereji, na viungo kati ya mawe vizibwe vizuri. Pasipo hivyo, upande wenye kivuli huota utando wa kijani unaoteleza kuliko hata jiwe lililong'arishwa. Unyevu wa kudumu huwapa fangasi wa miguuni na virusi vya sugu za nyayo nafasi ya kuhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Na mfereji ulioziba, pamoja na vyungu vya maua vinavyopambia mawe, huwa kitalu cha mbu aina ya Aedes. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia milipuko ya homa ya dengi ya mwaka 2014 na 2019 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mapafu ya fundi

Mwenye nyumba hulitazama jiwe likiwa limekwisha tandikwa. Kuna mtu aliyelitazama mapema zaidi, akiwa amechuchumaa juu yake na grenda mkononi, wingu la vumbi jeupe likimzunguka, pengine kitambaa kimefungwa puani. Katika hatari zote zinazoletwa na sakafu hii, iliyo kubwa zaidi ni yake, na ndiyo isiyozungumzwa wakati wa kupatana bei.

Mawe mengi yana silika katika umbo la kwatzi. Mawe-mchanga yanaweza kuwa na zaidi ya theluthi mbili. Itale huwa na takriban robo au theluthi. Marumaru na matumbawe kwa kawaida huwa na kiasi kidogo mno. Grenda inapokata jiwe kavu hutoa chembe ndogo kiasi cha kupita kinga zote za pua na koo na kufika kwenye vifuko vya hewa. Zile zinazoonekana zikielea katika mwanga ni kubwa, zinazoua hazionekani. Huko ndani mwili hujaribu kuzimeza, hushindwa, na hujenga makovu kuzizunguka. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuponya. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au 20 ya kazi, ila vumbi likiwa zito sana unaweza kuja ndani ya miaka michache. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya aina hii katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya mapafu.

Katika nchi zetu silika ina mshirika mwingine. Mapafu yenye chembe zake hushindwa kuzuia bakteria wa kifua kikuu, na hatari hiyo huzidi sana kwa anayeishi na VVU. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limependekeza watu wanaofanya kazi, au waliowahi kufanya kazi, katika vumbi la silika wachunguzwe kifua kikuu kwa utaratibu maalumu. Kwa upande wa pili, silikosisi huweza kufanana na kifua kikuu katika picha ya kifua. Fundi mwenye kikohozi na pumzi fupi, ambaye makohozi yake hayaonyeshi vijidudu na ambaye amekwisha pewa dawa za kifua kikuu mara moja au mbili bila nafuu ya maana, aulizwe kazi yake, na aulizwe tangu lini. Neno "fundi" pekee katika faili halitoshi. Fundi cherehani na fundi mawe hawavuti hewa moja.

Kinga kubwa ni maji. Msumeno unaomwagiwa maji wakati wa kukata hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, na mashine hizo hukodishwa mijini. Pale ambapo haiwezekani, mawe yakatwe machimboni au kiwandani kwa vipimo vilivyopangwa mapema ili kazi ya kukata nyumbani ibaki ndogo. Kitambaa na barakoa ya upasuaji havizuii chembe hizi. Inahitajika barakoa ya kiwango cha N95 au zaidi, iliyokaza vizuri usoni. Vumbi lilowanishwe na kuzolewa, lisifagiliwe kavu. Fundi abadili nguo kabla ya kwenda kwa watoto wake. Gharama ya haya yote ni ndogo ikilinganishwa na ya bwawa, na mwenye nyumba anayetaja maji na barakoa wakati wa kuandikiana mkataba anatimiza wajibu ambao ni haki kumdai. Jambo moja la kuongeza: mawe ya kuundwa kiwandani kwa kwatzi na gundi, yanayouzwa kwa ajili ya meza za jikoni, huweza kuwa na zaidi ya asilimia 90 ya silika, na Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya vijana wengi waliokuwa wakiyakata kuugua. Anayepewa mabaki ya mawe hayo kwa bei nafuu ili amalizie kandokando ya bwawa ayakatae.

Saruji mbichi nayo huunguza. Ni kali kwa upande wa alkali, na fundi anayepiga magoti juu yake kwa saa kadhaa anaweza kupata vidonda virefu bila kuhisi maumivu mwanzoni. Glavu, suruali isiyopenyeza maji na kuoga mara baada ya kazi vinatosha.

Uzio

Ni kosa kuzungumzia mawe ya bwawa bila kutaja kuzama. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hakuna jiwe linalozuia hilo. Kinachozuia ni uzio unaolizunguka bwawa pande zote nne, unaolitenga hata na nyumba yenyewe, wenye kimo cha angalau mita 1.2 na lango linalojifunga na kujikomea lenyewe, pamoja na mtu mzima anayetazama. Ukuta wa kiwanja si uzio wa bwawa, kwa kuwa mtoto wa nyumbani yuko ndani yake. Mawe huingia katika hesabu hii kwa njia moja isiyotarajiwa: majabali ya mapambo na vitanda vya maua vya mawe vikijengwa kando ya uzio huwa ngazi ya mtoto wa miaka mitatu. Visogezwe mbali nao kwa zaidi ya mita moja.

Iwapo bajeti haitoshi kwa uzio na mawe ya kifahari kwa pamoja, uzio utangulie, na kandokando ya bwawa pamwagwe zege lililochanwa kwa ufagio lingali bichi. Zege la namna hiyo halitelezi, na likiwa la rangi hafifu halichomi sana. Mawe yanaweza kungoja mwaka mwingine.

Mwenye uwezo wa kutandika mawe sasa anunue na ziada kidogo, kama jiwe moja kwa kila kumi, na aihifadhi. Mawe ya machimbo hubadilika rangi na unene kutoka tabaka moja hadi jingine, na kipande kitakachopasuka miaka mitano baadaye kikizibwa kwa kingine kisicholingana huacha kizingiti cha milimita chache, ambacho macho hayakioni lakini kidole gumba cha mzee hukikuta.